Nimefuma Punje, Zimetoka Mbavu

Katika toleo lililopita tulieleza mfumo wa punje, yaani ule ufumaji wa sindano mbili unaotapakaza vinundu vidogo juu ya kitambaa, kwa sentensi moja tu: anzisha vitanzi, kisha fuma kimoja laini na kimoja cha nundu, ukirudia hivyo hivyo kila mstari mpaka kazi iishe. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba ufupi ule ulikuwa kosa letu, kwa hiyo safu yote ya toleo hili tumewaachia wasomaji waliotuamini wakaharibikiwa, pamoja na wachache waliofanikiwa na sasa wanataka kusonga mbele.

Kwanza tukubaliane kuhusu majina. Kitanzi laini ni kile kinachofumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi, na kikishakamilika huonekana kwa mbele kama herufi V ndogo. Kitanzi cha nundu hufumwa uzi ukiwa mbele ya kazi, nacho huacha kifundo kilicholala, mfano wa punje ya mtama. Waliojifunzia shuleni huenda wanavijua kwa majina ya pleni na pali. Ni vitu vile vile. Tena si vitu viwili hasa, bali ni kimoja kinachotazamwa pande mbili, kwa kuwa kitanzi laini ukikigeuza utakuta mgongo wake ni nundu, na nundu ukiigeuza utakuta mgongo wake ni V. Tutalirejea jambo hili mara nyingi hapa chini.

*Shikamoo Bibi. Nilifuata maelezo yenu bila kuongeza wala kupunguza. Nilianzisha vitanzi 40, nikafuma kimoja laini na kimoja cha nundu kila mstari, lakini baada ya mistari 12 nina michirizi iliyosimama kama mwisho wa mkono wa sweta ya shule. Punje sizioni. Nimekosea wapi? (Msomaji, Njombe)*

Marahaba, mwanangu. Hukukosea wewe, tulikosea sisi tuliosahau kukuambia kwamba kwa maelezo yale idadi ya vitanzi ni lazima iwe witiri, yaani 39 au 41, na kamwe isiwe 40.

Fuatilia sindano yako uone. Ukiwa na vitanzi 40 na ukianza na kitanzi laini, cha mwisho katika mstari huo kitakuwa cha nundu. Unapoigeuza kazi ili uanze mstari wa pili, kile cha mwisho ndicho kinachokuwa cha kwanza, na kwa kuwa sasa unakitazama mgongoni, nundu yake inaonekana kama V. Wewe, kwa kutii maelezo, unaanza tena na kitanzi laini, na hivyo unaweka V juu ya V. Jirani yake naye anapata nundu juu ya nundu, na hali hiyo inaendelea mpaka mwisho wa mstari. Baada ya mistari 12, V zimepandana na kuwa mbavu zilizosimama, na nundu zimezama katikati yake. Huo ni mfumo wa mbavu, nao ni mzuri, ila sio uliouomba.

Ukiwa na vitanzi 41 mambo hubadilika, kwa sababu mstari unaoanza na kitanzi laini humalizikia na kitanzi laini vilevile. Ukigeuza kazi, kitanzi hicho kinakutazama kama nundu, nawe unaweka juu yake kitanzi laini. Kinachofuata kinakutazama kama V, nawe unaweka nundu. Kila mahali penye V panakaliwa na nundu, na kila penye nundu panakaliwa na V, ndiyo maana kitambaa kinatapakaa punje badala ya kuchora mistari.

Kwa hiyo ile kanuni ya kuhesabu "kimoja laini, kimoja nundu" ningependa uitumie katika mstari wa kwanza tu. Kuanzia mstari wa pili, acha kuhesabu, tazama kitanzi kilichoko kwenye sindano ya kushoto: kikikuonyesha nundu, kifume laini; kikikuonyesha V, kifume nundu. Mfumaji anayefuma kwa macho anaweza kuanza na vitanzi 40, 41 au idadi yoyote nyingine, anaweza kuiweka kazi chini aende kuonja mchuzi, na akirudi hahitaji kukumbuka aliishia wapi, maana kitambaa chenyewe kinamwambia. Anayefuma kwa kuhesabu peke yake akiitwa mlangoni amepotea.

Kuhusu hiyo mistari 12 uliyokwisha kufuma, usiifumue. Mbavu hubana na kuvutika, na ni ukingo unaofaa kabisa kwa chini ya sweta au kwa mwisho wa mkono wake. Kutoka hapo ulipo anza kuweka kinyume cha unachokiona, na punje zitaanza kujitokeza juu ya mbavu kana kwamba ulipanga hivyo tangu mwanzo. Isipokuwa kama kazi yako ni shali au blanketi, kwani hapo mbavu zitakaza upande mmoja, kitambaa kiwe na kiuno kama chungu, na itakubidi ufumue tu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kosa lako limetufungulia. Ukiwa na hivyo hivyo vitanzi 40, ukafuma mistari miwili ukianza na laini, kisha mistari miwili ukianza na nundu, ukawa unabadilishana hivyo, utapata punje ndefu zilizosimama wima, kila moja ikiwa na urefu wa mistari miwili. Huo ni mfumo mwingine unaojulikana sana. Sikiliza tahadhari hii, hasa kama unasoma maelezo ya kigeni: Waingereza na Wamarekani hawakubaliani juu ya majina, na jina ambalo Mwingereza analitumia kwa punje fupi za mstari mmoja, Mmarekani analitumia kwa punje ndefu za mistari miwili. Usilitegemee jina. Soma mistari yenyewe, uhesabu ni mingapi kabla mpangilio haujajirudia. Ikiwa ni mmoja au miwili utapata punje fupi, ikiwa ni minne utapata ndefu.

*Nilianza na vitanzi 41, sasa nina 47, na kuna vitobo vidogo hapa na pale. Sijaongeza kitanzi hata kimoja kwa makusudi. (Mama wa watoto watatu, Limuru)*

Vitobo na vitanzi vya ziada ni watoto wa mama mmoja, naye ni uzi uliosahauliwa upande usiofaa. Katika mfumo huu uzi husafiri baada ya kila kitanzi: unakwenda nyuma kwa ajili ya laini na kuja mbele kwa ajili ya nundu, nao unapaswa kupita katikati ya ncha mbili za sindano. Ukiupitisha juu ya sindano badala ya kuupitisha kati yake, unaacha mzingo mmoja wa uzi umelala juu ya sindano, na katika mstari unaofuata unaufuma mzingo huo ukidhani ni kitanzi. Idadi imeongezeka kwa kimoja, na chini yake pamebaki kitobo.

Chunguza pia mwanzo wa kila mstari. Ukiuvuta uzi kwenda juu na kuupitisha nyuma ya sindano kabla hujaanza, kitanzi cha kwanza hujinyoosha na kuonyesha miguu miwili, na wengi huifuma yote miwili kana kwamba ni vitanzi viwili. Hakikisha uzi unaning'inia chini kwanza, halafu ndipo uanze. Mpaka mikono izoee, hesabu vitanzi kila ukimaliza mstari. Ni kazi ya nusu dakika, na sita walioingia bila kualikwa wasingefika hata wawili.

*Dada yangu aliyeko Marekani alinitumia maelezo ya skafu yanayotaka sindano namba 8. Nimetumia sindano namba 8 alizoniachia marehemu mama, uzi ni ule ule alionitumia, lakini skafu yangu ni nyembamba na ngumu kama mkanda. (Msomaji, Nyeri)*

Sindano za mama yako, kama ni za miaka mingi, bila shaka zina namba za Kiingereza za zamani, ambazo hukua kinyume na za Kimarekani. Kwa hesabu ya zamani ya Kiingereza namba ikiwa kubwa sindano huwa nyembamba. Kwa Wamarekani namba ikiwa kubwa sindano huwa nene. Namba 8 ya mama ina unene wa milimita 4, wakati namba 8 ya dada yako ina milimita 5. Milimita moja inasikika kama kitu kidogo, lakini katika vitanzi 40 ndiyo inayokupa mkanda badala ya skafu.

Ndani ya sanduku la mama tafuta namba 6, kwa maana hiyo ndiyo yenye milimita 5. Na kama una hamu ya kujua, namba hizo za nchi mbili hukutana mahali pamoja tu, kwenye namba 7, ambayo kote ni milimita 4.5. Siku hizi sindano nyingi huandikwa milimita, nasi tungependelea kila mtu aulizie milimita dukani na kuziacha namba zipumzike.

*Nataka kumfumia mjukuu wangu blanketi la punje lenye upana wa sentimita 70 na urefu wa 80. Nilihesabu vitanzi kwa kutumia karatasi iliyofungwa kwenye bonge la uzi, lakini naona linatoka pana kuliko nilivyotaka na haliongezeki urefu. (Bibi, Moshi)*

Hesabu iliyoandikwa kwenye ile karatasi ni ya kitambaa laini, chenye V upande mmoja na nundu upande wa pili. Punje hazifuati hesabu hiyo. V na nundu zikikaa jirani hupishana mbele na nyuma, mistari inakaliana na kubanana, huku vitanzi vikitanuka kando. Kwa hiyo kitambaa cha punje huelekea kuwa kipana zaidi na kifupi zaidi kuliko kitambaa laini chenye vitanzi na mistari ile ile. Lile blanketi lisiloongezeka urefu si uvivu wa mikono yako.

Fuma kipande cha majaribio. Anzisha vitanzi 31, ufume punje mpaka upate kipande cha mraba, ukifue kama utakavyolifua blanketi, ukilaze kikauke, halafu upime sentimita 10 katikati yake, mbali na kingo ambazo hudanganya. Tuseme umepata vitanzi 20 kwa upana na mistari 34 kwa urefu. Upana wa sentimita 70 unadai vitanzi 140, nawe utaongeza kimoja iwe 141 kwa sababu ambayo msomaji wetu wa Njombe anaijua sasa vizuri. Urefu wa sentimita 80 unadai mistari 272. Ni mingi, na usiku wa baridi huko Moshi utakutosha.

Uzi nao utaliwa kuliko ulivyozoea. Njia ya uhakika ni kufuma bonge moja zima kwa upana kamili, kisha kupima. Kama bonge limekupa sentimita 9, basi sentimita 80 zinahitaji mabonge 9, nawe nunua 10 siku hiyo hiyo, yote yakiwa na namba moja ya mkupuo wa rangi, kwani cheupe cha mwezi huu na cheupe cha mwezi ujao huonekana ndugu dukani na kugeuka majirani juu ya blanketi.

Usiongeze ukingo wowote. Kitambaa laini hujikunja pembeni kwa sababu V zimevuta upande mmoja na nundu upande mwingine. Katika punje idadi ya V na nundu inakaribia kuwa sawa kila upande, kwa hiyo zinashindana nguvu na kitambaa kinatulia bapa. Tena hakina ndani wala nje, jambo linalofaa sana kwa blanketi la mtoto atakayelipindua apendavyo.

*Hapa Mombasa joto haliruhusi sufu. Je, punje hutoka vizuri kwenye uzi wa pamba? Na rangi ipi inazionyesha zaidi? (Msomaji, Mombasa)*

Pamba inafaa, ingawa haina mnyumbuko wa sufu na nguo nzito ya pamba huning'inia na kurefuka. Kwa Mombasa ningeanza na kitambaa cha kuogea au cha jikoni, chenye vitanzi 41 kwa sindano za milimita 4; zile nundu husugua vizuri, na kosa la mwanafunzi halimdhuru mtu.

Kuhusu rangi, jibu lililozoeleka ni kuchagua rangi nyepesi isiyo na mchanganyiko, kwa kuwa punje huonekana kwa kivuli kidogo kinachoangukia kando ya kila nundu, na rangi iliyoiva humeza kivuli hicho. Uzi wenye rangi nyingi zinazobadilika ni mbaya zaidi, kwani jicho hufuata rangi na kusahau punje. Hata hivyo wavuvi wa pwani za Uingereza na Scotland walivaa sweta za buluu iliyoiva sana zilizojaa michoro ya laini na nundu, na michoro hiyo ilisomeka. Siri yao ilikuwa uzi: ulisokotwa kwa kukazwa, ukawa laini na wa mviringo, na ukafumwa kwa sindano nyembamba. Kwa hiyo kabla ya rangi, tazama msokoto. Uzi wenye manyoya utaficha punje hata ukiwa mweupe kama maziwa.

*Punje nimezimudu. Sasa natafuta mfumo unaofanana na ukili wa mkeka, lakini usio mgumu. (Fundi cherehani, Tanga)*

Upo, na ukishaweza kutazama kitambaa utauona ni rahisi kuliko punje. Anzisha vitanzi vinavyogawanyika kwa 8. Fuma vinne laini na vinne vya nundu kwa mistari 5, kila mstari ukianza na laini. Kisha, kwa mistari 5 mingine, anza kila mstari na vinne vya nundu ukifuatisha vinne laini. Rudia mistari hiyo 10. Ndani ya kila kundi la mistari 5 unafuata unachokiona, V juu ya V na nundu juu ya nundu. Ni pale tu unapoingia kundi jipya ndipo unapoweka kinyume.

Tumetaja mistari 5 kwa vitanzi 4 makusudi. Kitanzi ni kipana kuliko urefu wake, na ukifuma 4 kwa 4 miraba inatoka bapa kama matofali, jambo ambalo jicho lililozoea mikeka ya Tanga halitalisamehe.

*Nimegundua kosa mistari 9 chini. Kufumua nasikia uchungu, na kuliacha siwezi kulala. (Msomaji, Lushoto)*

Hakikisha kwanza umeliona kosa lenyewe. Kitanzi kimoja kilichokosewa katika punje hukusanya V tano zilizojipanga kama alama ya kujumlisha, na upande wa pili nundu tano za namna hiyo hiyo. Kitanzi chenye kosa ni kile cha katikati. Fuata safu yake kwenda juu mpaka kwenye sindano, kiachie kitanzi hicho kimoja tu, ukishushe ngazi kwa ngazi mpaka ufike kwenye kosa na kulifumua nalo. Utabaki na kitanzi kimoja chini na nyuzi zilizolala juu yake kama vipago vya ngazi.

Sasa chukua sindano ya kroshia. Ingiza kulabu kwenye kitanzi kutoka mbele, ukamate kipago kinachofuata kilichoko nyuma yake, ukivute kipite: umepata V. Hatua inayofuata inadai nundu, na kufanya nundu kwa kulabu huwasumbua wengi, kwa hiyo usifanye. Igeuze kazi nzima, utengeneze V upande wa pili, kwani mgongo wake ndio nundu unayoihitaji huku. Geuza tena, V nyingine. Utageuza kila baada ya kitanzi, mara 10 hivi, na jirani akikuona atadhani unapepea jiko, lakini safu itarudi sawasawa.

Kabla ya kuanza, angalia kitanzi cha kwanza utakachokijenga kinatakiwa kuwa V au nundu kwa kulinganisha na majirani wake wa kulia na kushoto. Kiwe kinyume cha wote wawili.

*Nilipiga pasi sweta yangu ya punje ili ipendeze kabla ya harusi. Sasa imelegea, punje zimelala, inang'aa. Je, itarudi? (Msomaji, Iringa)*

Kama uzi ulikuwa wa akriliki, kama zilivyo nyingi tunazozinunua madukani kwetu, haitarudi, na pole sana. Akriliki ni plastiki, na joto la pasi huilainisha ikapoteza umbo lake moja kwa moja. Kama ni sufu, una matumaini: iloweke kwenye maji ya vuguvugu, ikamue kwa kuikunja ndani ya taulo bila kuisokota, uilaze juu ya taulo kavu mahali penye kivuli, na kwa viganja uisukume kuelekea katikati, wala usiivute, mpaka punje zisimame. Soma karatasi ya bonge kabla ya kuamua ni ipi kati ya hizo mbili. Kama uliitupa, choma kipande kidogo cha uzi juu ya sahani, mbali na watoto: sufu hunuka kama nywele na kuacha majivu yanayopondeka, akriliki huyeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu.